Tuambizane ukweli: ni kweli sangara ndiye aliyemaliza furu na ngege Ziwa Victoria?

#1 Mwana Nansio

Wakuu habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Ukerewe kumwangalia bibi. Miaka themanini na kitu, macho yamepungua ila kumbukumbu iko palepale. Nikapita mwaloni nikamchukulia sato mmoja wa maana, akachemshwa na nyanya na ndimu. Bibi akala, akashukuru, halafu akasema, "Samaki mzuri, ila si ngege."

Nikamwambia bibi, ngege ndiye huyuhuyu, siku hizi tunamwita sato. Alinitazama kama nimemtukana. Akaanza kuhesabu kwa vidole: ngege, mbiru, ningu, domodomo, gogogo, furu wa kila rangi. Kwao kabla hajaolewa ni kando ya mto Mara, na anasema masika ningu walipokuwa wakipanda mtoni, watoto walikuwa wakiwachota kwa vikapu.

Mimi toka shule nina jibu moja kichwani: Mzungu alileta sangara, sangara akala wote, kwisha. Lakini bibi anasema ngege walishakuwa wa kutafuta kabla hajamtia machoni sangara hata mmoja. Sangara wa kwanza kumwona, yeye tayari ana watoto watano.

Sasa nauliza wanaojua. Nani alimleta huyu samaki, lini, na je, ndiye aliyemaliza wenzake kweli?

#2 Mpita Njia

Swali zuri. Nakaa hapa nisome.

#3 Mtoto wa Kayenze

Hakuna cha kujadili hapo mkuu. Sangara aliletwa na Waingereza mwaka 1962, wakammwaga Kisumu, akaenea ziwa zima. Ni samaki wa kufikia mita mbili na kilo 200, unamweka na furu wa ukubwa wa kiganja unategemea nini? Alikula wote. Bibi mpe pole, lakini umri nao unachanganya mambo.

#4 Jinja Kando

Mtoto wa Kayenze, mwaka wako ni wa nusu ukweli. 1962 na 1963 ndiyo miaka alipopandikizwa kwa ruhusa ya serikali, Entebbe na Kisumu. Lakini huku Jinja sangara walishaonekana mwaka 1954. Kuna mtu aliwatia kimyakimya miaka minane kabla ya ruhusa.

Kwa asili huyu ni samaki wa Ziwa Albert na Nile ya chini, na yuko Turkana pia. Kupanda hadi Victoria kwa mapezi yake hawezi, maporomoko ya Murchison yanamzuia. Wapo waliosema alipenyea kwenye bwawa la Owen Falls kwa sababu nalo lilifunguliwa 1954. Sikubali. Bwawa limejengwa juu kabisa, Murchison iko chini huko mbali. Samaki angelifikiaje bwawa bila kuvuka Murchison kwanza? Alibebwa na watu. Wanaotajwa zaidi ni maofisa wa idara ya wanyamapori ya Uganda ya wakati ule.

Sababu yao nayo ina matoleo mawili. La kwanza: walitaka samaki mkubwa wa kuvua kwa mchezo. La pili: waliona ziwa limejaa furu wadogo wenye miiba, wakawaita samaki takataka, wakasema tulete mkubwa awale hao awageuze kuwa nyama ya kuuzika. Mimi naamini yote mawili yalikuwemo.

#5 mwalimu_viumbe

Jinja Kando asante, umenirahisishia kazi. Niongeze yaliyotangulia, maana bibi wa Mwana Nansio hajachanganya kitu.

Nyavu za makila za kisasa, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, ziliingia upande wa Kenya mwaka 1905. Kabla ya hapo watu walivua kwa migono, ndoano na nyavu za mimea. Ngege alikuwa ndiye samaki mwenye bei ziwa zima, na nyavu zile zilimkamata kirahisi mno. Kufikia 1927 na 1928 hali ilishatia wasiwasi, serikali za kikoloni zikamleta mtaalamu Michael Graham kufanya uchunguzi wa ziwa. Alikuta ngege wanapungua, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Na huyuhuyu Graham alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka ziwa lingine ni hatari kubwa, wasithubutu bila utafiti wa kina kwanza.

Kwa hiyo onyo lilikuwepo robo karne kabla ya 1954. Hata mwaka 1960, mtafiti Geoffrey Fryer aliandika akipinga mpango huo. Haukuzuilika.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ngege walipopungua, miaka ya 1950 waliletwa perege wa nje kuziba pengo. Mmoja wao ndiye sato. Bibi aliposema "huyu si ngege" alisema kweli tupu. Sato naye ni mgeni kama sangara.

#6 Mama Sato

Subiri kwanza. Sato mgeni? Nimeuza sato miaka kumi na nne, nimesomesha watoto kwa sato, nawaambia wateja "samaki wa asili wa ziwa letu", kumbe?

#7 mwalimu_viumbe

Mama Sato, ndiyo hivyo dada yangu. Ni samaki wa Nile na maziwa ya upande ule. Mtazame mkiani: sato ana mistari ya kusimama iliyopangika vizuri kwenye pezi la mkia. Ngege hana mistari hiyo. Mbiru naye ni mwingine tena, na yeye na ngege ndio wenyeji wa hapa.

#8 Mama Sato

Nimetoka kuangalia ndoo nzima. Wote wana mistari.

#9 Nyakach Juu

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, upande wa Nyakach.

Bibi wa Mwana Nansio amenigusa sana kwa sababu huku kwetu limetokea jambo la ajabu zaidi. Jina ngege bado tunalo! Ukienda hoteli yoyote Kisumu ukaagiza ngege, unaletewa samaki. Ila ukimgeuza mkia, ni huyo mwenye mistari. Ngege wa kale ameenda, jina lake amepewa mgeni, na watoto wetu wanadhani hakuna kilichobadilika. Nadhani Uganda ni hivyohivyo, ama Jinja Kando?

Sangara sisi tunamwita mbuta. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Alisema mwisho wa miaka ya 70 nyavu zao za ngege zilianza kutoka majini zimepasuka matundu ya kupitisha mtu. Walifikiri ni mamba. Halafu wakaanza kuwavuta wenyewe, wakubwa, wanene, na hakuna mtu sokoni aliyewataka. Mafuta mengi, mapishi hayajulikani. Ndani ya miaka mitatu minne fulu, yaani furu wenu, wakawa hawaonekani. Baba hakuwahi kuwa na shaka ni nani aliyewamaliza.

#10 Jinja Kando

Ni hivyohivyo. Kwa Luganda engege ni huyo wa mistari sasa. Furu wetu ni nkejje, wadogo wanaokaushwa kwenye vijiti. Mtoto akidhoofika kwa utapiamlo au akiugua surua, mama mkubwa anamsagia unga wa nkejje. Bado wanatafutwa, na bei imepanda.

#11 Mzee wa Karabai

Vijana shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Nimevua ziwa hili tangu 1971, Sengerema na visiwa vyake, sasa nimebaki na dagaa. Nasoma hapa nasikia sangara, sangara. Nawauliza: mmesahau meli za kukokota nyavu? Katikati ya miaka ya 70 Mwanza kulijengwa kiwanda cha kusaga samaki kuwa chakula cha mifugo. Walisaga nini? Furu! Meli zinakokota wavu chini kabisa, zinatoka na tani za furu, kuku wanakula. Sisi tuliona kwa macho, ghuba ya Mwanza furu walianza kupungua na umbo kuwa dogo kabla sangara hajawa tatizo. Sangara huku kwetu amejaa kuanzia kama 1984, 85.

Na kokoro je, ule wavu wa kukokotwa mpaka ufukweni? Kokoro linafagia mazalia ya ngege ufukweni, mayai na vifaranga vyote. Sangara hakushika kokoro. Ni sisi.

#12 Mtoto wa Kayenze

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo nakukatalia kwa adabu. Hizo meli zilifanya kazi ghuba ya Mwanza tu. Furu waliisha Kisumu, waliisha Uganda, waliisha mahali ambapo meli haikuwahi kupita. Babu yangu alikuwa anapasua sangara wa miaka ya 80, tumboni ni furu watupu. Miaka ikapita, akipasua anakuta dagaa, uduvi na sangara wadogo, watoto wake mwenyewe. Samaki anayekula watoto wake unamtafutia wakili?

#13 Mpita Njia

Uzi umenoga. Mzee wa Karabai na Mtoto wa Kayenze wamepanda mtumbwi mmoja kila mtu na kasia lake.

#14 mwalimu_viumbe

Niwape ninachokifahamu pande zote mbili.

Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walianza kazi Mwanza mwaka 1977 wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, na bahati nzuri walikuwepo kabla ya gharika ya sangara. Miaka ya 70 furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wote wa samaki wa karibu na sakafu ya ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa chini ya asilimia 1. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na inakadiriwa kama 200 hivi zimetoweka. Na aina hizo karibu zote hazipo popote duniani isipokuwa hapa. Mpaka leo nikilifundisha hili darasani sauti hunibadilika.

Mzee wa Karabai yuko sahihi kwamba ghuba ya Mwanza meli zilishawapunguza. Mtoto wa Kayenze yuko sahihi kwamba meli haziwezi kueleza ziwa zima.

Kinachoninyima usingizi ni miaka. Sangara aliingia 1954. Alilipuka Kenya karibu 1980, Uganda mwanzoni mwa 80, kwetu katikati ya 80. Miaka 25 alikuwa anafanya nini? Kama alikuwa mlafi tangu siku ya kwanza, mbona alisubiri? Maelezo mojawapo: furu wenyewe ndio waliokuwa wakimzuia. Wanakula mayai na vifaranga vya sangara, au wanashindana navyo chakula. Furu walipopungua kwa sababu nyingine, vifaranga vya sangara vikapona kwa wingi, vikakua, vikamaliza furu waliobaki. Sasa hiyo sababu nyingine ni ipi?

#15 Binti Mwalo

Naomba niingie na upande wa wanawake, maana naona mnavua tu, hakuna anayekausha.

Mama yangu alikuwa anakausha furu juani. Mkeka, chumvi kidogo, jua siku mbili, basi. Mtaji wake ulikuwa beseni na miguu. Sangara alipokuja, jua halimkaushi, ana mafuta, lazima umbanike kwa moto. Kuni zikaanza kutafutwa, vilima vya kwetu vikabaki vichaka. Samaki mmoja anataka banio la tofali, mzigo wa kuni na mwanamume wa kumbeba. Mama akaanguka kibiashara.

Baadaye viwanda vya minofu vikafunguliwa miaka ya 90, samaki wa maana wote wakaenda kiwandani na kupanda ndege. Sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mgongo. Nimekula mapanki ya kukaangwa utoto wangu wote na sioni aibu kusema, yalitufikisha. Siku hizi hata mabondo, lile puto la hewa tumboni, ambalo zamani lilitupwa, lina bei kuliko nyama yenyewe, linakwenda China. Mwanamke wa mwaloni analiona likipita tu.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi sangara aliua nini, nitawajibu aliua kazi ya mama yangu. Hilo sihitaji mtafiti.

#16 Nyakach Juu

Binti Mwalo, mapanki huku tunaita mgongo wazi. Tumelelewa na sufuria moja, dada.

#17 Maji Kwanza

Nimekuwa nasoma tu. Nafanya kazi ya kupima ubora wa maji, na swali la #14 kuhusu "sababu nyingine" ndilo linanileta.

Mnazungumza samaki, hakuna anayezungumza maji. Misitu ya kuzunguka ziwa ilikatwa, mashamba yakaongezeka, udongo na mbolea vikashuka na mito, miji ikamwaga majitaka. Mwani ukastawi. Mwani ukifa unazama, unaoza, unakula oksijeni ya chini. Zamani maji ya kilindini yalikuwa na hewa karibu mwaka mzima. Baadaye ikawa miezi mingi huko chini hakuna samaki anayeweza kuishi, na furu wengi walikuwa wa huko. Mabadiliko haya yalianza kabla ya sangara kujaa.

Halafu kuna la rangi. Dume la furu ni jekundu, lingine buluu, lingine njano, na jike humjua dume wa aina yake kwa rangi. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba maji yakichafuka mwanga unabadilika, jike haoni tena tofauti, anazaa na dume wa aina nyingine. Kizazi baada ya kizazi aina mbili zinakuwa moja. Hapo hakuna aliyeliwa wala aliyevuliwa, na bado aina imetoweka.

#18 Mtoto wa Kayenze

Sasa furu nao wanachagua mchumba kwa rangi ya shati? Maji Kwanza, hapo umenipoteza.

#19 Maji Kwanza

Chukua maji masafi, weka furu wa ziwa hili kwenye tangi lenye mwanga mweupe: jike anachagua wake. Badilisha taa iwe ya rangi moja isiyoonyesha nyekundu na buluu: anachagua yeyote. Walijaribu hivyo. Tena ukitaka kuona furu wa rangi zote leo nenda kwenye visiwa vya mawe ambako maji bado ni maangavu. Wapo. Kwenye maji ya tope utakuta wale wa kijivu.

#20 Mtoto wa Kayenze

Haya, hilo la mawe nalikubali, nimewaona mwenyewe nikiogelea utotoni. Lakini mawe pia ndipo sangara hapenyi. Kwa hiyo bado hujaniondolea mshitakiwa wangu.

#21 Maji Kwanza

Sina jibu la haraka kwa hilo. Umenibana.

#22 Goma Moja

Jambo kwenu wote. Niko Goma. Nawasoma mnalia na mgeni wenu, niwaambie habari ya wetu.

Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache sana, na katikati ya ziwa hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Kati ya 1958 na 1960 wakaleta vifaranga kutoka Tanganyika, aina mbili za dagaa zikiwa pamoja. Moja ikashindwa, moja ikashika. Huyo ndiye sambaza, Rwanda wanamwita isambaza. Leo ukisimama ufukweni jioni unaona mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wavuvi wanaimba wakienda. Familia ngapi zinakula kwa huyo mgeni, siwezi kuhesabu. Huku kwetu hakuna anayemlaani.

#23 Mama Sato

Asante Goma Moja, angalau umenifuta machozi. Na Kariba, kule Zambia na Zimbabwe, nasikia ni dagaa haohao wa Tanganyika wanaitwa kapenta.

#24 Goma Moja

Ndiyo, walipelekwa huko 1967 na 1968. Ila Kariba ni ziwa la kutengenezwa, hata lenyewe ni geni.

#25 mwalimu_viumbe

Goma Moja, mfano wako ni mzuri lakini nina swali. Hao vijidudu vya Kivu ambavyo sambaza anakula, vilikuwa vikifanya kazi ya kula mwani. Baada ya sambaza kuingia, vile vikubwa vilipungua sana. Hasara ipo, ila haina mkia wala jina la kilugha, ndiyo maana hakuna bibi wa Goma anayeililia.

#26 Bondeni Nakuru

Nakuru nayo isisahauliwe. Ziwa letu la magadi halikuwa na samaki. Miaka ya 50 na mwanzo wa 60 wakaleta perege mdogo wa Ziwa Magadi ili ale viluwiluwi vya mbu. Akashamiri, na ndege aina ya mwari wakaja kwa maelfu kumfuata. Watalii wanapiga picha mwari wakidhani ni wa tangu kuumbwa kwa dunia. Naivasha ndiyo hadithi ndefu zaidi: karibu kila samaki unayemla pale aliletwa, na mwaka 1970 wakaongeza kamba wa Louisiana, Marekani, akafyeka mimea ya majini mpaka yungiyungi.

#27 Mpita Njia

Tumeshazunguka maziwa yote ya Bonde la Ufa. Turudi kwa bibi jamani. Na mimi niulize: bila sangara, Mwanza ingekuwa Mwanza hii? Viwanda, barabara za mialoni, ajira za vijana, pesa za kigeni?

#28 Kisu na Barafu

Nimefanya kazi kiwanda cha minofu zaidi ya miaka kumi, sitaki kukitaja. Mpita Njia umesema kweli na mimi nimejenga kwa sangara. Lakini ni pesa inayotegemea mlango usio wako. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga soko mara kadhaa: mara bakteria, mara kipindupindu, mara wavuvi wanatia sumu majini. Kila wakifunga, mashine zinazimwa tunarudi nyumbani bila kitu.

Na sangara mwenyewe sasa anapungua. Nilipoanza, kisu kilikuwa kinapita kwenye samaki wa kilo 20, 30. Nilipoacha tulikuwa tunaminofua vitoto. Waliweka kanuni asivuliwe chini ya sentimita 50, na wazazi wa juu ya 85 waachwe wazae, lakini timba, zile nyavu haramu, zilikuwa zinaingia usiku. Ajabu ya dunia ni hiyo: aliyetuhumiwa kumaliza wenzake, naye tunammaliza.

#29 Mzee wa Karabai

Kisu na Barafu amenikumbusha. Tangu sangara walipoanza kupungua, furu wamerudi. Karabai langu usiku linavuta dagaa, asubuhi nikichambua nakuta furu wamo, tena si haba. Miaka ya 80 mwishoni hukupata hata wa dawa. Mtoto wa Kayenze, hili nakupa wewe, linakusaidia kesi yako.

#30 Mtoto wa Kayenze

Mzee wewe ni muungwana. Nalichukua kwa mikono miwili.

#31 mwalimu_viumbe

Linamsaidia nusu. Waliorudi ni aina chache, hasa wale wa kula vijidudu, na si walewale kabisa. Watafiti walilinganisha furu wa Mwanza waliohifadhiwa kwenye chupa tangu miaka ya 70 na hawa waliorudi, wakakuta waliorudi wana matamvua makubwa zaidi, yaani wamezoea maji yenye hewa kidogo. Hapo Maji Kwanza naye anapata pointi yake. Na hatujataja magugu maji yaliyoingia karibu 1990, hayo yanataka uzi wake.

#32 Nyakach Juu

Mwana Nansio uko? Nimekumbuka kitu. Siaya kuna ziwa dogo linaitwa Kanyaboli, limejificha nyuma ya kinamasi cha Yala. Mafunjo yamelizingira, maji ya kwenye mafunjo hayana hewa ya kutosha, mbuta hawezi kuyavuka. Ngege wa kale yuko pale. Shemeji yangu anakaa karibu. Nikipata wawili wakavu naweza kuwatuma kwa basi mpaka Sirari, mtu wako awapokee.

#33 Mwana Nansio

Nyakach Juu, hujui umenifanyia nini. Nakufuata sirini sasa hivi.

Wengine asanteni, nimesoma yote. Nimempigia bibi nikamsomea #5. Akasema, "Huyo mwalimu kalelewa vizuri."

#34 mwalimu_viumbe

Nimeshukuru bibi. Mkuu, samaki wakifika piga picha ya mkia kabla ya jambo lolote. Sato huzaana na ngege wanatoka machotara, na sato ameshasambazwa karibu kila mahali. Tujue ni nani.

#35 Mwana Nansio

*(wiki tatu baadaye)*

Wakuu, samaki walifika Jumamosi, wawili, wamekaushwa vizuri. Binamu aliwapokea Sirari, wakalala Mwanza usiku mmoja, asubuhi nikapanda nao kivuko.

Sikumwambia bibi chochote. Nilimwekea sahanini, wamechemshwa na chumvi peke yake kama alivyosema walikuwa wakipikwa. Alinusa kwanza. Akakipapasa kichwa kwa vidole, akashuka na mgongo taratibu. Akala kipande, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaogopa. Akasema, "Huyu ndiye. Ila mdogo. Wetu walikuwa wanajaza sinia." Akataka wa pili afunikwe, ampelekee jirani yake, bibi mwenzake, naye aonje.

Picha ya mkia hiyo hapo chini, imepigwa kabla ya kupikwa.

#36 mwalimu_viumbe

Nimeikuza picha. Mmoja mkia wake hauna mstari. Wa pili naona vivuli viwili vitatu vyepesi, inaweza kuwa mikunjo ya kukauka, inaweza kuwa damu ya sato. Kwa picha ya samaki mkavu siwezi kuapa. Bibi alikula yupi?

#37 Mwana Nansio

Walipikwa sufuria moja mkuu, sikuwatenganisha.

#38 Mtoto wa Kayenze

Ulimi wa bibi unatosha. Mwalimu acha darubini.

#39 Binti Mwalo

Mimi sijalala na swali moja tangu #1. Bibi alimtaja mbiru. Muulize alikuwaje na alikuwa akivuliwa wapi. Mama yangu naye alikuwa akimtaja.

#40 Mwana Nansio

Nimemuuliza leo. Anasema mbiru alikuwa wa kwenye mawe na mawimbi, si wa ghubani kama ngege, na dume lake pezi la mgongoni lina ukingo mwekundu kama kitambaa kilichopindwa kwa uzi. Anasema nyama yake ngumu kidogo, nzuri ya mchuzi.

#41 Mzee wa Karabai

Ukingo mwekundu nimeuona mwaka jana. Mmoja tu, upande wa mawe, nikadhani ni sato mgonjwa nikamtupa. Jumatano mwezi utakuwa umekufa, natoka kazini. Nikimpata mwingine nitamrudisha na maji kwenye ndoo, mwalimu aje mwenyewe aangalie mkia.